Pigo Moja Lililoachwa Wazi

Shuka la kitanda kikubwa, likiwa limelowa, lina uzito ambao mtu hawezi kuukadiria mpaka alinyanyue la kumi na nne. Milembe Ngassa hulikamua, hulikunja mara mbili, kisha hulikung'uta kwa nguvu hewani kabla ya kulianika, ili makunyanzi yatoke na kazi ya pasi ipungue. Kishindo cha shuka lake husikika mpaka ng'ambo ya barabara ya stendi. Kazi hiyo ameifanya katika nyumba moja ya kulala wageni mjini Bariadi kwa miaka kumi na miwili, tangu mji ulipofanywa makao makuu ya mkoa na maofisa wakaanza kuja na mabegi yao kulala siku mbili tatu. Ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Mabega yake ni ya mtu wa hamsini na zaidi.

Wanaomfahamu kwa nyimbo hawamfahamu kwa mashuka. Kuanzia Maswa hadi Kiloleli kule Busega, zipo ibada ambazo hazimaliziki bila wimbo mmoja wa kuabudu alioutunga yeye, na wengi wanaouimba hawajui umetoka kwa nani. Wale wachache wanaojua humdhania kuwa mwanamke ashindaye katika maombi, anayeamka alfajiri akiwa na nyimbo mdomoni kama ndege. Ukweli ni kwamba ameifundisha kwaya yake kwa miaka kumi na tisa, na amechoka. Mara mbili amesinzia katika mazoezi ya Jumamosi akiwa amesimama, mkono ukiwa bado juu unaongoza sauti ya nne. Felisita, mwimbaji wa sauti ya pili na rafiki yake wa siku nyingi, ndiye aliyemwamsha kwa kumfinya kiunoni.

"Mwalimu, umelala au umejazwa Roho?"

"Vyote viwili," Milembe alijibu bila kufungua macho vizuri. "Endeleeni, ubeti wa tatu."

Katika utunzi wake kuna desturi moja ambayo hajaivunja. Baba yake, mkulima wa pamba wa Ipililo, aliwafundisha watoto wake kuchambua pamba kabla haijapelekwa kuuzwa: safi katika gunia lake, fifi, ile chafu yenye madoa, katika gunia lake, na asiyejua tofauti asiguse. Milembe huchambua nyimbo vivyo hivyo. Sauti ikimjia, huiimba mwezi mzima bila maneno, akiwa kazini. Ikimchosha, huitupa. Katika kila kumi hubaki moja. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusimama mbele ya watu na kusema, kama wasemavyo waimbaji wengi, kwamba wimbo huu au ule amepewa na Mungu. Alisema tu, "Nimejaribu." Alilichukulia neno *kupewa* kuwa zito mno, lisilofaa kutumiwa kila Jumapili.

Alilitumia mara moja.

Ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa tano, asubuhi, mashuka yakiwa mengi kuliko kawaida. Alikung'uta shuka la kwanza, na sauti ikaanza. Alipokung'uta la pili, ikaendelea. Kufikia la tatu wimbo wote ulikuwa umekamilika, na kiitikio chake, bila kubahatisha, bila kurudi nyuma kutafuta njia. Haikuhitaji mwezi wa kuchambuliwa. Alisimama katikati ya kamba za kuanikia akalia, na mwenzake wa jikoni akadhani sabuni imemwingia machoni. Maneno aliyapata wiki ileile:

*Mgongoni mwako nililala,*
*hukuchoka, hukunitua.*
*Jua lilipokuwa kali*
*kivuli chako kilikuwa juu yangu.*

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani, akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akasema, "Kuna wimbo mpya tutauimba hapa. Sikuutunga. Nimepewa." Kanisa zima lilipiga vigelegele. Watu waliomzoea walijua kwamba hilo halikuwa jambo dogo.

Mambo yalianza kuwa magumu studio. Elia, kijana anayerekodi kwaya nyingi za mjini katika chumba alichokitengeneza kwa magodoro na trei za mayai, aliusikiliza wimbo mara nne kisha akavua vifaa vya masikioni.

"Mwalimu, hapa pana shimo. Mwisho wa mstari wa pili. Wote mnanyamaza pigo moja zima. Niweke ngoma?"

"Usiweke."

"Basi kinanda, kidogo tu, cha kuzibia."

"Usiweke kitu, Elia."

"Sasa msikilizaji si atadhani umeme umekatika?"

Walijaribu ngoma, wakajaribu kinanda, hata makofi. Kila kilichowekwa pale Milembe aliona kimedanganya. Kulikuwa na kitu kilichopaswa kuwapo, naye hakukijua. Mwishowe waliliacha pigo lile wazi, na Elia akaandika kwenye karatasi yake kwamba mteja ndiye aliyetaka hivyo.

Kwaya iliuimba wimbo huo ibadani kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa mwezi wa saba. Ubeti wa pili ulipoanza, mzee wa kanisa Marcelo, mtu wa miaka sabini na tano, alichukua kofia yake na fimbo yake, akatoka nje. Baada ya ibada, Mchungaji Josia alimwita Milembe katika chumba cha baraza. Marcelo alikuwa amekwisha kuketi, fimbo imesimama katikati ya magoti.

"Mwangaluka, ng'wana Ngassa," alisema, akimsalimu kwa Kisukuma na kumwita kwa jina la baba yake.

"Mwangaluka, baba."

"Baba yako bado yupo?"

"Yupo, Ipililo."

"Bado anaimba?"

"Hajaimba tangu abatizwe. Hata kanisani hufungua kitabu tu akakitazama."

"Basi ndiyo maana amekutuma wewe."

Mchungaji, ambaye alikulia misheni na hakuwahi kucheza ngoma yoyote, alimwomba mzee aeleze taratibu. Marcelo alieleza. Mwaka 1985, baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma vilishindana karibu na Maswa: Bagika upande mmoja, Bagalu upande wa pili. Mshindi katika mashindano yale huwa ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Marcelo alikuwa mpiga ngoma wa Bagalu, na mpaka saa sita mchana watu wote walikuwa kwao. Ndipo Ngassa, aliyekuwa *ningi*, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo wa Bagika, alipoingia uwanjani na wakulima wake wenye majembe mabegani, akaanzisha wimbo.

"Wimbo huu huu," alisema Marcelo. "Watu walitugeuzia migongo kama ng'ombe walioona maji. Tukabaki sisi na ngoma zetu na mbwa mmoja. Mimi nililia, Mchungaji. Mtu mzima, nina mke. Na kila mtu alijua Ngassa alikuwa na dawa ya kuvuta watu. Leo binti yake anasimama madhabahuni anasema amepewa na Mungu. Mungu yupi?"

"Sijawahi kuusikia wimbo huo kwa baba," Milembe alisema.

"Ulikuwa mgongoni. Masikio ulikuwa nayo."

Baraza halikumhukumu. Mchungaji Josia alisema kwa upole kwamba zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya Jumapili ya shukrani ya mavuno, ambapo wimbo ule ulipangwa kuwa wimbo mkuu. "Dada Milembe, sikulazimishi. Lakini ushuhuda ni ushuhuda. Chunguza, kisha uje utuambie. Kama ulivyosema si kweli, tutauweka wimbo kando."

Felisita aliyapata yote kabla ya jioni, kwa kuwa hakuna linalofichika katika kwaya.

"Uimbe tu, unyamaze. Nani atakwenda Ipililo kumwuliza yule mzee?"

"Mimi."

"Wewe unapenda shida, mwalimu."

Hakuzipenda. Kilichomnyima raha hakikuwa wimbo wenyewe, kwa maana nyimbo nyingine alikuwa nazo. Alikuwa akifikiri hivi: kwa miaka kumi na tisa ameimba kwa imani, bila kusikia lolote, mwili umechakaa, na mara moja tu aliamini kwamba amesikia. Ikiwa hata hiyo mara moja alikosea, je, alikuwa akimwimbia nani siku zote hizo? Kwa wiki mbili alianika mashuka bila kuimba. Mwenzake wa jikoni alimwuliza kama anaumwa jino.

Ijumaa aliyopewa mapumziko alipanda basi hadi Maswa, akamalizia safari kwa bodaboda. Alimkuta baba yake uani, ameketi juu ya kigoda kati ya magunia mawili, akichambua pamba. Mzee Ngassa alikuwa na miaka sabini na minane na sikio moja lisilosikia. Mkewe, mama yake Milembe, alikuwa amefariki miaka minane iliyopita, na tangu hapo aliongea na watu kama mtu anayekatizwa kazi.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa upande huu, upande huo hausikii. Chukua pamba, usikae bure."

Walichambua kwa muda. Kisha Milembe alisema anao wimbo angependa ausikie. Mzee alivuta gunia karibu. Milembe aliimba kwa sauti ndogo, bila kumtazama, na mikono yote minne ikaendelea na pamba. Alimaliza mstari wa kwanza. Alimaliza mstari wa pili. Na pale palipokuwa wazi, mahali ambapo Elia alikosa cha kuweka, kisigino cha mzee kiligonga ardhi.

Alirudia. Kisigino kikagonga tena, palepale. Mikono ya mzee haikuwa imesimama hata kidogo.

"Baba, kwa nini umepiga?"

"Nimepiga nini?"

"Kisigino."

Mzee alikitazama kisigino chake kama anayemtazama mbuzi wa jirani aliyeingia shambani. "Hapo jembe linashuka," alisema. "Utaimbaje jembe halijashuka?"

Milembe aliiweka chini pamba iliyokuwa mkononi. Hakuwa na haja ya kuuliza tena wimbo ni wa nani. Alimweleza yote: mashuka, machozi, maikrofoni, Marcelo. Mzee alisikiliza kwa sikio lake zima, na bintiye alipofika mwisho, uso wa mzee ulikuwa umekunjamana kwa hasira.

"Ulisema amekupa nani?"

"Mungu, baba."

"Nimelima mimi. Nimetunga mimi. Halafu sifa apewe Mungu?"

"Sikujua."

"Siku zile mganga alisema bila dawa yake wimbo usingenijia, nikakubali, nikampa yeye sifa. Sasa wewe umempa Mungu. Mimi nitapewa lini?"

Milembe alitaka kucheka, lakini hata kicheko kilimwona amechoka kikampita. "Kwa hiyo haukutoka kwenye dawa?"

"Dawa ilikuja baadaye, siku ya mashindano. Wimbo niliutunga shambani, tunalima kwa zamu, safu nzima ya watu. Mama yako alikuwa pembeni amekubeba, na wewe ulikuwa unalia. Wiki nzima hulali, hunyamazi. Niliuanzisha ukanyamaza. Nikiuacha, unalia. Nikauimba mpaka jua likatua, si kwa sababu ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimechoka na kelele zako."

"Na maneno yake?"

"Ya kumtukana Marcelo na wenzake, kwamba wamechoka kabla jua halijafika utosini. Hayo niliyaweka baadaye. Usiyaimbe." Alichukua tena pamba. "Bado anawahi pigo yule?"

"Siku hizi hapigi ngoma. Ni mzee wa kanisa."

"Alikuwa anawahi, anapiga kabla wenzake hawajafika. Walishindwa kwa hilo, si kwa dawa."

Milembe alimwomba aje Bariadi siku ya mavuno, aseme mwenyewe. Mzee alikataa. Siku ya ubatizo wake, katika mwaka ambao Milembe alianza shule, aliahidi kutoinua tena wimbo wowote wa zamani, na hakutaka kuivunja ahadi hiyo akiwa amebakiza siku chache. Alipomsindikiza bintiye hadi kwenye kijia alisema tu, "Hilo la kisigino usimwambie mchungaji."

Katika basi la kurudi Milembe aliegemeza kichwa kwenye kioo. Alijaribu kuyapanga mambo kama pamba, hili safi, hili fifi, na hakufanikiwa. Wimbo ulikuwa wa baba yake. Hilo lilikuwa safi. Lakini maneno ya mtoto aliyelala mgongoni ameyapata wapi, yeye ambaye hakuwahi kusimuliwa habari za shamba lile? Na kwa nini sauti ilirudi baada ya miaka karibu arobaini, siku ambayo mikono yake ilikuwa ikipiga kishindo kimoja kila baada ya mistari miwili, kama jembe? Alilala kabla ya kupata jibu, na kondakta ndiye aliyemwamsha stendi.

Jumapili ya mavuno, sehemu ya mbele ya kanisa ilijaa magunia ya mahindi na mpunga, maboga, kuku waliofungwa miguu. Kwaya ilikuwa imejiandaa kwa nyimbo mbili: wake, na mwingine wa kitabuni endapo wake ungezuiwa. Milembe alisimama. Safari hii alishika maikrofoni kwa mkono mmoja, kwa kuwa bega la pili lilikuwa likimwuma.

"Mwezi wa tano nilisema wimbo huu nimepewa na Mungu," alisema. "Nimekwenda kuuliza. Aliyenipa ni baba yangu, Ngassa wa Ipililo. Aliutunga shambani nikiwa mtoto mgongoni, na baadaye ukaimbwa katika ngoma ya Bagika. Nilisahau kwamba ninaujua. Sikukusudia kudanganya, ila niliyoyasema hayakuwa sahihi. Kama Mungu yumo katika jambo hili, yumo kwa namna ambayo mimi siwezi kuishuhudia. Mkiona usiimbwe, tutaimba wa kitabuni."

Kuku mmoja alilia kati ya magunia. Mchungaji Josia alimgeukia Mzee Marcelo, na watu wote wakamgeukia. Mzee alisimama kwa msaada wa fimbo.

"Sasa umesema vizuri," alisema. "Mchungaji, mimi sikuwahi kuukataa wimbo. Wimbo ni mzuri, ulinichukulia watu wangu wote. Nilichokataa ni kuambiwa kwamba siku ile Mungu alikuwa upande wa Bagika."

Kicheko kilianzia kwa wazee wa nyuma, wale waliokumbuka, kikasambaa hadi kwa watoto ambao hawakuelewa lolote. Mchungaji alisubiri kitulie, akasema, "Imbeni."

Waliimba. Mwisho wa mstari wa pili Elia, aliyekuwa kwenye kinanda, aliinua mikono kama alivyoelekezwa. Pigo lilibaki wazi. Katika ubeti wa pili kisigino kimoja kiligonga sakafu ya saruji mahali fulani nyuma, upande wa kina mama wazee. Kufikia ubeti wa tatu visigino vilikuwa vingi, vinashuka pamoja, na vumbi la mahindi likapanda kutoka kwenye magunia. Milembe aliongoza mpaka mwisho. Hakulia. Aliona tu kwamba lile shimo halikuwa shimo tena, na kwamba miguu yake ilikuwa ikimwuma sana.

Baada ya ibada Elia alimfuata nyuma ya kanisa, simu mkononi, ili aandike maelezo ya wimbo kabla ya kuuweka mtandaoni.

"Mtunzi niandike nani?"

"Ngassa wa Ipililo. Maneno, andika Milembe."

"Na Mungu tumweke wapi, mwalimu?"

"Mwache. Yeye hajalalamika."

Elia alipoondoka, Milembe alimpigia simu baba yake, akaketi juu ya gunia la mahindi. Simu iliita muda mrefu.

"Wameukubali?" mzee aliuliza bila salamu.

"Wameukubali."

"Walipiga pale?"

"Walipiga. Kwa visigino."

"Vinafaa badala ya jembe. Na Marcelo?"

"Alipiga kwa fimbo."

"Aliwahi?"

Milembe alifikiri, maana alikuwa mtu wa kusema jambo kama lilivyo. "Aliwahi kidogo," alisema.

Upande wa pili ilisikika sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mama yake alipofariki. Baba yake alikuwa anacheka. Kisha simu ikakatika. Kesho yake kulikuwa na semina ya maofisa mjini, na mashuka ishirini na mawili yangemsubiri. Milembe aliendelea kuketi juu ya gunia, mgongo kwenye ukuta uliopata joto la jua, mpaka Felisita alipokuja kumwita chakulani, akamtazama, akarudi ndani kuwaambia wengine wapunguze sauti kwa sababu mwalimu amelala.